Mkono ni Rahisi, Jicho Ndilo Gumu: Kutyuni Transmita za HF kwa Mashine

Mafundi wenzetu, walimu wetu, na nyinyi wanafunzi wa uhandisi mliovumilia msongamano wa Waiyaki Way ili mfike hapa: hamjambo.

Tumeombwa tuzungumzie namna ya kuifanya transmita ya mawimbi mafupi ijitazame, ijityuni (yaani ijirekebishe ilingane na masafa na antena) na ijizime yenyewe pasipo opereta kuketi mbele yake. Wengi wakisikia hivyo, akili inakimbilia mota. Mtu anashuka Luthuli Avenue, ananunua mota ya hatua, bodi ya Arduino na kiungo cha shafti, na kabla ya jioni kapasita inazunguka kwa amri ya kompyuta. Inapendeza kutazama. Lakini kuzungusha kapasita ndiyo kazi nyepesi kuliko zote alizokuwa akifanya opereta. Alikuwa na jicho lisilobanduka kwenye mita. Alikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani ikisema kapasita ikae wapi kwa masafa gani. Alikuwa na mkono wa kuzungusha. Na alikuwa na woga, yaani kidole kilichokuwa tayari kuzima pindi mkondo wa pleti ya valvu unapopanda kwa namna asiyoielewa. Mashine nyingi zinazoungua zilipewa mkono tu. Hazikupewa jicho, wala hazikupewa woga.

Kwa nini HF, yaani mawimbi mafupi, inasumbua hivi? Transmita ya FM huwekwa kwenye masafa yake na kuachwa hapo miaka. HF ni megahezi 3 hadi 30, mawimbi ya mita 100 hadi mita 10, na haiwezi kutulia mahali pamoja kwa sababu anga lenyewe halitulii. Ukitaka kuzungumza kutoka Nairobi na Garissa au Lodwar, wimbi hupanda karibu wima, linapinda kwenye ionosifia, tabaka la juu la anga lenye chaji, na kushuka. Mchana masafa ya karibu megahezi 7 yanafanya kazi hiyo vizuri. Usiku, ionosifia ikikonda, huna budi kushuka kwenye 5, 4, hata 3.5. Hapa petu jua huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, kwa hiyo kila kituo kinabadilisha masafa angalau mara mbili kwa siku. Waya wa mita 20 unaofaa kabisa kwa megahezi 7.1 ni mzigo mbaya sana kwa megahezi 4. Lazima kitu kikae katikati, nacho ndicho tyuna, kiidanganye transmita kwamba inaona omu 50 iliyoundiwa.

Wazo la kuiachia mashine kazi hii si geni. Kampuni ya Collins kule Marekani ilikuwa na mtambo wa Autotune tangu miaka ya 1930, na transmita ya ndege ya ART-13 iliutumia kurudisha vitasa vyake kwenye nafasi za stesheni 10 zilizopangwa mapema. Ni umakanika wa kuvutia, mota moja na klachi zinazoshika mahali pake barabara. Lakini ulikuwa unakumbuka tu. Antena ikilowa au waya ukilegea, vitasa vinarudi palepale pa jana, na anayegundua ni binadamu anayetazama mita.

Basi tuanze na jicho.

Kifaa kinachotumika sana ni kapla ya transfoma mbili, ambayo hutenganisha nguvu inayokwenda kwenye antena na nguvu inayorudi. Kila transfoma ni toroidi ya feraiti: upande mmoja waya mkuu unapita katikati mara moja, upande wa pili mizunguko 20. Mizunguko 20 inakupa sampuli iliyo desibeli 26 chini ya nguvu halisi, yaani sehemu moja ya 400. Wati 100 zikipita, unapata miliwati 250 za kupimia. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Kosa huanzia kwenye diodi.

Tufanye hesabu pamoja. Tyuna hutyuni kwa nguvu ndogo, tuseme wati 10. Imekaribia kufika, SWR (kipimo cha kutolingana kwa antena na transmita, ambapo 1 ni ulinganifu kamili) imeshuka hadi 1.2. Kwa SWR hiyo kinachorudi hakifiki hata asilimia 1 ya nguvu, ni takriban miliwati 83. Gawanya kwa 400, inabaki miliwati 0.2. Kwenye omu 50 hiyo ni volti 0.1, na kilele chake hakifiki 0.15. Diodi, hata ikiwa 1N5711 ambayo wengi wetu tunaipenda, kwa volti hiyo inapitisha kidogo mno. Mikrokontrola inasoma sifuri, na kwa mashine sifuri maana yake ni ulinganifu kamili. Jambo baya zaidi ni kwamba hata SWR ikiwa 1.4 au 1.5 usomaji unakuwa umepotoka kuelekea chini, hivyo programu inaridhika mapema, inahifadhi nafasi mbovu kwenye kumbukumbu, kisha unapanda hadi wati 100 na ulinzi unakata. Fundi anailaumu programu. Programu haina hatia, imedanganywa na jicho lake.

Dawa ni chipu ya logi, kwa mfano AD8307. Inapima kwa desibeli, ina upana wa desibeli 92, na inatoa milivolti 25 kwa kila desibeli moja. Kibadilishi cha volti kuwa namba, cha biti 10 kwenye volti 5, kina hatua ya milivolti 4.9, kwa hiyo unasoma kwa hatua za desibeli 0.2 bila taabu. Mpaka wake wa juu ni kama desibeli 17 juu ya miliwati 1, na sampuli ya wati 100 ni 24. Weka pedi ya vipingamizi ya desibeli 20 kabla ya chipu, usije ukaikaanga. Tumia chipu mbili, moja kwa nguvu inayokwenda, nyingine kwa inayorudi, na ukitoa namba moja kutoka kwa nyingine tayari una jibu. Hakuna kugawanya, na jibu halibadiliki hata nguvu ya transmita ikiyumba.

SWR ina udhaifu mwingine ambao hautibiki kwa chipu bora. Inakwambia umepotea, haikwambii njia ya kurudi. SWR 3 inaweza kuwa omu 150 au omu 17, inaweza kuwa na kapasita nyingi au indakta nyingi, na hatua ya kuchukua ni tofauti kabisa. Mashine inayosoma SWR peke yake inapapasa kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Ikipapasa kwa rilei ndogo zenye kasi hakuna neno. Ikipapasa kwa mota, valvu inaungua kabla swichi haijaonekana. Ndiyo maana mitambo mikubwa hupima fezi, yaani tofauti ya pembe, kati ya volti na mkondo, kwa sababu fezi ina alama. Ikiwa chanya nenda kushoto, ikiwa hasi nenda kulia. Wengi hununua AD8302 kwa kazi hii, nayo ni chipu nzuri, milivolti 10 kwa kila digrii. Ila tahadhari: digrii 40 mbele na digrii 40 nyuma zinatoa volti ileile. Haijui alama. Ama uongeze njia ya pili iliyocheleweshwa digrii 90, ama usogeze kapasita kidogo na kuona fezi inapungua au inaongezeka. Tumeziona bodi kadhaa zilizoisahau hatua hii, na mota zake zilikuwa zinakwenda upande sahihi nusu ya wakati.

Tuje kwenye tyuna ndogo ya rilei, ile ya redio ya wati 100 hadi 150, kwa kuwa hii ndiyo wengi mnaweza kuijenga. Ni mtandao wa L: indakta mfululizo, kapasita kwenda ardhini, na rilei moja ya kuamua kapasita ikae upande wa antena au upande wa redio. Chukua mfano. Antena inaonyesha omu 12.5 kwenye megahezi 7.1. SWR ni 4. Q, namba ya ukali wa mtandao, ni kipeuo cha pili cha tofauti ya 4 na 1, yaani 1.73. Indakta inatakiwa iwe na omu 21.7, ambayo ni maikrohenri 0.49. Kapasita, upande wa redio, omu 28.9, ambayo ni pikofaradi 776. Mkitaka kuijaribu mezani, vipingamizi vinne vya omu 50 vikiungwa sambamba vinakupa hiyo 12.5 bila antena yoyote.

Ili kufikia thamani nyingi kwa vipande vichache, tunaongeza mara mbili kila hatua. Indakta nane: 0.1, 0.2, 0.4, 0.8, 1.6, 3.2, 6.4 na 12.8, jumla maikrohenri 25.5. Kapasita nane kuanzia pikofaradi 10 hadi 1,280, jumla 2,550. Zile kubwa za indakta zisukwe kwenye toroidi nyekundu ya T200-2, ambayo hutoa nanohenri 12 ukizidisha kwa mizunguko kipeo cha pili: mizunguko 16 ni kama maikrohenri 3.1, mizunguko 23 ni 6.3. Zile mbili za mwanzo zisukwe hewani bila kiini, na ujue kwamba waya wa sentimita 10 kwenda kwenye rilei una karibu maikrohenri 0.1 peke yake. Ukipanga rilei mbalimbali kama nyumba za shambani, indakta yako ya kwanza tayari ipo kabla hujaisuka.

Kapasita ndizo zinazofanya watu walie. Wati 100 kwenye omu 1,000 ni volti 447 za kilele. Kapasita ya volti 500 haina pumzi iliyobaki. Nunua za volti 1,000 kwenda juu, za maika ya fedha au seramiki ya NP0. Zile seramiki za bei nafuu za X7R hubadilisha thamani zikipata joto, na tyuna inaanza kutanga dakika ya pili ya mazungumzo. Upande wa omu chache tatizo linageuka kuwa mkondo: wati 100 kwenye omu 5 ni ampea 4.5, na rilei ya ampea 2 itapitisha kwa muda, kisha itashikana.

Rilei 16 na ile ya upande ni biti 17, yaani michanganyiko 131,072. Ukijaribu yote kwa milisekunde 10 kila mmoja, unahitaji dakika 22, na transmita inapiga mluzi hewani muda wote huo. Usifanye hivyo. Kwanza pita moja kwa moja bila kitu na upime. SWR ikiwa chini ya 1.5, tosheka. La sivyo, jaribu kila indakta moja na kila kapasita moja, pande zote mbili: 8 mara 8 mara 2 ni majaribio 128. Rilei ikipewa milisekunde 15 ya kutulia, ni sekunde 2 hivi. Kutoka penye bora zaidi, sogea hatua ndogo huku na huku, majaribio 40 au 50. Sekunde 3 zimetosha. Kosa la kawaida hapa ni kupima kabla rilei haijatulia. Mguso hurukaruka, usomaji unakuwa wa bahati nasibu, na kila ukityuni unapata jibu jipya.

Rilei isibadilishwe kamwe wakati nguvu kamili inapita. Mpango ni huu: kata PTT (amri ya kurusha), subiri milisekunde 10 hadi kapla isome kwamba RF, yaani nguvu ya redio, imekwisha kweli, badilisha, subiri 15, ndipo uruhusu nguvu. Wakati wa kutafuta, nguvu iwe wati 10. Chipu ya ULN2003 inaendesha rilei saba, kwa hiyo unahitaji tatu. Ukichagua rilei za kubaki zilipo hata bila umeme, utaokoa mkondo mwingi, jambo zuri kwa kituo cha sola, lakini kumbuka mikrokontrola ikijizima na kuwaka haijui zimebaki wapi. Jambo la kwanza la programu liwe kuzirudisha zote nyumbani.

Sasa ile karatasi ya ukutani. Kumbukumbu inaokoa muda kuliko ujanja wote wa kutafuta. Redio nyingi huitikia amri ya mfululizo, kwa mfano kwenye Kenwood ukituma FA, inajibu FA00007100000, na tayari unajua ni megahezi 7.1 kabla hata ya kurusha. Tyuna inajipanga wakati wa kusikiliza, na kusikia nako kunaboreka. Redio isiyosema, hesabu masafa yake wakati inarusha. ATmega328 ina baiti 1,024 za kudumu, na kumbukumbu moja ya biti 17 inachukua baiti 3, kwa hiyo nafasi ni 341. Zigawe kwa akili. Kwenye megahezi 3.5 waya mfupi ni mkali, yaani hubadilika haraka masafa yakisogea, weka nafasi kila kilohezi 10. Kwenye 7 kila 25. Kwenye 20 kila 100 inatosha. Kila nafasi huvumilia kuandikwa mara 100,000, basi andika tu pale jibu jipya linapokuwa bora waziwazi, si kila ukityuni. Na kumbukumbu iwe mahali pa kuanzia tu. Ipangie, pima mara moja, ikikubali endelea, ikikataa tafuta karibu na hapo. Wakati wa mvua za masika waya juu ya paa la mabati si ule wa Januari. Hata korongo wa Mombasa Road akitua juu yake, mashine itamwona.

Kwa wanaotumia ALE, yaani redio kujichagulia chaneli na kujiunganisha zenyewe, ya kiwango cha MIL-STD-188-141A, toni 8 kuanzia hezi 750 hadi 2,500, kumbukumbu si hiari. Redio inaruka chaneli kadhaa kwa sekunde na haitasubiri sekunde 3 za kutafuta.

Tupande sasa kwenye mitambo ya valvu, kilowati 1 na zaidi, ambako kosa lina bei.

Tetrodi, valvu yenye katodi, gridi, skrini (gridi ya pili) na pleti, ina utaratibu wake na mashine lazima iuheshimu kuliko binadamu. Feni kwanza, na uthibitisho wa upepo wenyewe kwa swichi ya upepo, si kwa kuona kwamba feni ina umeme. Kisha volti hasi ya gridi ya kwanza na filamenti. Katodi zinazopashwa kwa hita huhitaji dakika kadhaa, soma karatasi ya mtengenezaji, na kipima muda kiwe ndani ya mashine, kisiweze kurukwa na mtu mwenye haraka. Kisha pleti. Skrini baada ya pleti, siku zote. Skrini ikiwa na volti na pleti haina, elektroni zote zinaishia kwenye skrini na inayeyuka kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo usambazaji wa skrini ufungwe kwa rilei inayosoma volti ya pleti yenyewe, bila programu kuingia kati. RF mwisho. Kuzima ni kinyume chake, na feni iendelee dakika 3 hadi 5. Stima ikikatika ghafla je? Valvu bado ni moto na feni imesimama. UPS ndogo ya feni peke yake ni bei nafuu ukilinganisha na valvu.

Kwa kuwa tumetaja stima: filamenti nyingi huvumilia asilimia 5 tu juu au chini. Volti 240 zikishuka hadi 215, filamenti ya volti 6 inapata 5.4. Mashine isubiri, isirushe. Na stima ikirudi, isiwashe papo hapo. Dakika moja au mbili ya kuangalia kama volti zimetulia itakuepusha na lile pigo la kwanza.

Jambo jingine ni letu sisi watu wa nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 81 ya lile la Mombasa. Hewa nyembamba hubeba joto kidogo, hivyo feni inatakiwa isukume karibu robo zaidi ya ujazo ulioandikwa kwa usawa wa bahari. Na hewa nyembamba hupigwa cheche kwa volti ndogo zaidi. Kapasita ya hewa iliyofanya kazi pwani bila malalamiko inaweza kutoa cheche hapa kwa nguvu ileile, hasa mashine inapopita kwenye nafasi mbaya wakati wa kutafuta. Kapasita ya vakyumu haina tatizo hilo ndani yake, ndiyo maana tunaipendelea.

Kutyuni kwenyewe: pleti ikiwa kwenye mwangwi wake (resonansi), volti yake ya RF iko digrii 180 na ile ya gridi. Chukua sampuli ndogo ya kila moja, zipeleke kwenye kipima fezi, na kosa lenye alama liendeshe mota ya kapasita ya kwanza, ile ya upande wa valvu kwenye mtandao wa pai (kapasita mbili na indakta katikati). Mzigo, ile kapasita ya pili, unasomwa kwa uwiano wa volti ya pleti na ya gridi, na skrini ni shahidi mzuri: mkondo wake ukipanda sana, mzigo ni mwepesi mno, ukishuka au kugeuka hasi, mzigo ni mzito. Ukigusa mzigo, mwangwi unahama. Kwa hiyo ni tyuni, mzigo, tyuni tena, raundi 2 au 3, kwa nguvu iliyopunguzwa. Sekunde 3 za RF zikipita bila mwangwi, kata na upige kengele. Nje ya mwangwi nguvu yote inageuka joto kwenye pleti.

Mota isikimbie wakati wote. Simama kosa likishuka chini ya digrii 5, na usianze tena hadi lizidi 10. Bila pengo hilo mota itatapatapa mchana kutwa na gia zitalegea. Katika sauti ya SSB, urushaji usio na wimbi mbebaji, kuna jambo la hila zaidi: mtu anapovuta pumzi hakuna RF, na kipima fezi kinatoa kelele tupu. Mota inafuata kelele. Iruhusu isogee tu volti ya RF ikizidi, tuseme, sehemu ya kumi ya kilele. Na ifungie isitoke zaidi ya asilimia 15 nje ya nafasi ya jedwali, kwani mtandao wa pai unaweza kupata mwangwi wa pili kwenye masafa maradufu, ukashika 7 wakati unarusha 3.5, na mita za kawaida zikaonekana zimeridhika.

Nafasi ya kapasita mnaijua kwa njia mbili. Potenshiomita ya mizunguko mingi na biti 10, kwa kapasita ya pikofaradi 10 hadi 500, inakupa hatua ya pikofaradi 0.48. Mota ya hatua 200 na skrubu ya mizunguko 20 ni hatua 4,000, pikofaradi 0.12. Kwenye 3.5 hamtaona tofauti. Kwenye 28, ambako kapasita nzima ni kama pikofaradi 30 na Q ni 12, kosa la nusu pikofaradi ni digrii 11 za fezi, nje ya lile pengo letu. Hatua ya 0.12 ni chini ya digrii 3. Ila mota ya hatua ikikwama hupoteza hesabu kimyakimya, kwa hiyo kila inapowashwa irudi kwenye swichi ya mwisho kujihesabu upya. Ifikie nafasi yake kutoka upande mmoja kila mara, ili mchezo wa gia usihesabike. Na mkumbuke hewa ya nje inaisukuma bero (mrija wa chuma wa mikunjo unaonyumbuka) ya kapasita ya vakyumu ielekee thamani kubwa. Kuishusha kunataka nguvu zaidi. Chagua mota kwa upande mgumu.

Swichi za mwisho ziwe kwenye njia ya umeme wa mota yenyewe. Kwa mota ya DC, weka swichi iliyofungwa kwa kawaida na diodi sambamba nayo: ikifunguka, mota haiwezi kuendelea mbele lakini diodi inairuhusu irudi. Programu ikining'inia, skrubu haipasui bero. Bero ikipasuka vakyumu imekwisha, na hiyo haitengenezwi na mafundi wa Kirinyaga Road.

Woga wa mashine ujengwe kwa vipande, si kwa msimbo. SWR ikizidi 3, robo ya nguvu inarudi. Kilinganishi kama LM393 kikate PTT ndani ya mikrosekunde chache, kisha ndipo kiijulishe mikrokontrola kilichotokea. Transista za nguvu hazisubiri programu imalize kuandika kwenye kioo cha kuonyesha. PTT yenyewe ishikiliwe na mapigo: programu ichezeshe pini moja juu na chini, mapigo yapite kwenye kapasita na diodi mbili, ndiyo yachaji rilei. Programu ikiganda, pini ikiwa juu au chini, mapigo yanakoma na rilei inaachia. Kituo kikiendeshwa kwa mbali, kompyuta itume salamu kila sekunde. Tatu zikikosekana, zima. Mtandao hukatika, na transmita iliyoachwa wazi usiku kucha itawasumbua wengi.

RF ikiingia kwenye bodi utaitambua hivi: kila kitu ni sawa kwa wati 20, kwa wati 400 mikrokontrola inajianzisha upya, na ni kwenye bendi moja tu. Tafuta kebo yenye urefu wa robo wimbi kwenye bendi hiyo. Kwenye 7 ni mita 10. Ipitishe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti ya FT240-43, weka kapasita za nanofaradi 10 kwenye kila waya unaoingia kwenye boksi la chuma, na kwa umbali tumia nyaya za data za RS-485 au fiba. I2C, njia ya data ya chipu kwa chipu, ibaki ndani ya boksi.

Neno moja kuhusu leseni. Masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mashine haisomi leseni. Programu iwe na orodha ya masafa mliyopewa, na isipokuwamo isityuni, hata opereta akibonyeza mara kumi. Wapenzi wa redio wenye leseni za alama ya wito ya 5Z4 nao waweke mipaka ya bendi zao, megahezi 7.2 ndio mwisho wa bendi ya mita 40 katika ukanda wetu.

Kabla ya kuamini chochote mpe mashine mizigo mibaya: omu 12.5, 25, 150, na mwisho waya wazi. Ya mwisho ndiyo muhimu. Pale mezani kuna bodi ya rilei 17 ikirusha wati 10 kwenye mzigo wa omu 50, na oskiloskopu iko kwenye PTT. Anayetaka kuing'oa kebo ikiwa inarusha, aje aing'oe, nasi tusome pamoja imechukua mikrosekunde ngapi kukata.